Mwanagenzi wa Sebuleni

Asubuhi binti wa msusi alipoanza mafunzo ya kazi, wateja wa nywele walihamishiwa koridoni. Mtandao wa nyumba ile ulikuwa na maringo yake: chumbani haukukamata, uani haukukamata, ulikamata sebuleni tu, tena karibu na dirisha, pale pale palipokuwa na kiti cha kusukia. Msusi hakubishana nao. Alibeba kiti, kioo, ndoo ya vitana na mafungu ya rasta, akavipanga koridoni kati ya mlango wa jikoni na mlango wa chumba alimolala mume wake. Mume huyo alikuwa mlinzi wa usiku, kwa hiyo mchana ndio ulikuwa usiku wake.

"Kwa hiyo tumefukuzwa?" aliuliza Mwalimu, mteja wa miaka mingi, mwanamke mnene wa mwili na wa sauti, huku akijibana kwenye kiti.

"Nani akufukuze wewe, dada yangu? Tumepisha ofisi."

"Ofisi ipi?"

Msusi akaelekeza kidevu sebuleni. Binti yake, ambaye tangu utotoni walimwita Bibie kwa jinsi alivyozoea kutulia mahali pamoja kama mgeni aliyekaribishwa, alikuwa ameketi mbele ya kompyuta aliyoazimwa na mjomba wake. Juu alivaa blauzi nyeupe iliyopigwa pasi vizuri, chini amejifunga kanga. Kamera yenyewe ilikuwa imezimwa, lakini blauzi alivaa hivyo hivyo, maana kazi ni heshima.

"Mabosi wako wapi?" Mwalimu alinong'ona, na mnong'ono wake ungeweza kuamsha mtaa.

"Mji mwingine huko. Wanaongea humo humo ndani."

Kampuni ile ilikuwa ikiwakopesha wakulima pampu za maji. Wakulima walipiga simu kulalamika, simu zikarekodiwa, na Bibie akapewa kuzisikiliza, kuziandika na kuzipanga. Mafunzo yalikuwa ya nusu mwaka. Posho ilitosha bando na sabuni. Lakini walikuwa wanafunzi wawili, na mwishoni mmoja wao angeajiriwa, na hilo ndilo lililomfanya msusi abebe kiti bila kunung'unika. Mlinzi magoti yalikuwa yamemwisha. Mkubwa wake alikwisha kumwambia, kwa utani usio utani, kwamba vijana wenye magoti mazima wako tele mtaani. Nyumba nzima ilijua kwamba ajira ya Bibie ikipatikana, mzee atapumzika, na isipopatikana, mzee ataendelea kusimama getini mpaka aanguke au aondolewe.

Basi msusi akaona amsaidie mwanawe kwa kile alichokijua, na uanagenzi aliujua. Yeye mwenyewe alipelekwa kwa fundi wake akishikwa mkono na mama yake. Akakabidhiwa kwa maneno, watu wazima wakaitana na kuelewana, naye akaonyeshwa pa kukaa. Kwa muda mrefu kazi yake ilikuwa kuchambua rasta na kumpa fundi mkononi. Hakuuliza neno. Hakusema naweza. Fundi alikuwa akiviona vidole vyake, na siku moja akamwachia kichwa cha mteja bila hotuba. Msusi aliamini mpaka leo kwamba kimya kile ndicho kilichomlisha.

"Ukiwa mgeni kazini, macho mbele, mdomo nyuma," alimwambia binti yake. "Usimkatize mkubwa. Usijipendekeze. Wewe fanya kazi wakuone. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza."

"Sawa, mama."

"Na hiyo kamera izime. Nyumba ina siri zake. Tuwaonyeshe watu baki soksi za baba yako zikianikwa dirishani?"

"Sawa, mama."

Bibie alikuwa mtoto wa "sawa, mama". Majirani walimsifu kwa hilo, na msusi alizipokea sifa hizo kama mshahara.

Koridoni hapakuwa mahali pa biashara. Palikuwa na joto la jiko upande huu na mkoromo wa mlinzi upande ule, na taa moja iliyomfanya msusi akose mistari kichwani mwa watu. Wateja waliozoea kupiga soga walitakiwa wanyamaze kila Bibie alipoinua mkono kuashiria kikao. Na mwanamke gani anayekwenda kusuka akanyamaze? Bibi harusi mmoja mtarajiwa aliondoka na wapambe wake wote, wakaenda saluni ya barabarani yenye feni na redio. Msusi aliwasindikiza kwa tabasamu mpaka mlangoni, akarudi, akazikusanya nywele sakafuni ingawa zilikuwa chache mno za kukusanya.

Jioni moja, wakila kabla mlinzi hajaondoka, Bibie alisema, macho yakiwa kwenye sahani, "Leo wametuambia tuulize maswali zaidi. Na kila mmoja aombe muda aongee na msimamizi peke yake. Wanasema ndiyo njia ya kufaidika na mafunzo ya mbali."

"Umwombe muda mkubwa?" msusi alishangaa. "Umwambie nini? Akikuhitaji si atakuita?"

"Yule mwenzangu ameshaongea naye mara nyingi."

Mwenzake huyo walimwita Miwani, kwa sababu kwenye kioo cha kompyuta miwani yake ndiyo iliyoonekana kwanza. Alikuwa kijana mchangamfu, asiyepitwa na kikao bila kuchangia, hata pale asipokuwa na cha kuchangia.

"Huyo anajitembeza," msusi alisema. "Ngoja uone mwisho wake."

"Juzi aliniomba nimsaidie. Nilikuwa nimegundua kitu kwenye malalamiko. Pampu nyingi wanazosema ni mbovu si mbovu, chujio ndilo limezibwa na tope. Mkulima akielekezwa kwa sauti kwenye simu, anaisafisha mwenyewe, fundi hana haja ya kusafiri. Nikampangia vizuri nikamtumia. Leo amekieleza kikaoni."

"Akakutaja?"

"Alisema, tumegundua."

"Basi si ndiyo wewe pia umo humo?" msusi alisema, lakini hata yeye lile "tumegundua" hakulipenda.

Mlinzi alikuwa akifunga kamba za viatu, kazi ambayo siku hizi ilimchukua muda. "Kule kwangu," alisema bila kuinua kichwa, "usiku kila saa unapiga filimbi. Hakuna mwizi, hakuna nini, unapiga tu. Usipopiga, mwenye nyumba anasema umelala."

"Mambo ya getini hayo," msusi alimkata. "Ofisini ni adabu."

Mlinzi akacheka kidogo, akachukua kofia yake na kwenda zake. Msusi hakulifikiria tena neno lile, na ndivyo tulivyo. Neno la maana likitoka kwa mtu tuliyemzoea tunaliona la mzaha.

Mafunzo yalipokaribia kwisha, msusi alimkuta binti yake bafuni, bomba limefunguliwa na ndoo imekwisha kufurika. Maji ya nyumba ile yalilipiwa, na Bibie hakuwa mtu wa kuyamwaga. Msusi akafunga bomba.

"Nani kafa?"

"Hakuna, mama."

"Basi unalia nini?"

Bibie akampa simu. Msusi alisoma polepole, midomo ikicheza. Msimamizi aliandika kwamba kazi za Bibie zinafika kwa wakati na hazina makosa, lakini timu haimjui. Haulizi, hachangii, hajawahi kuonekana uso, na wakati mwingine wamejiuliza kama yupo. Ijumaa kutakuwa na kikao cha mwisho ambapo kila mwanafunzi ataeleza alichofanya.

"Hawakujui," msusi alisema.

"Hawanijui."

Na hapo msusi akadhani ameona kasoro ilipo. Kumbe ndiyo maana! Watamjuaje mtoto ambaye hakukabidhiwa? Aliingia katika kazi ya watu kama paka aliyepitia dirishani, hakuna mzazi aliyetoa neno, hakuna mtu mzima aliyemwambia mwenzake, huyu ni wangu, nakupa. Kosa lile lilikuwa lake yeye mama, na lingerekebishika. Usiku ule alilala vizuri, maskini.

Kesho yake, Bibie alipokwenda kuoga, msusi alichukua simu ya binti yake, akatafuta jina la msimamizi na kupiga.

"Halo, Bibie?" ilisema sauti ya mwanamke, ya haraka lakini si mbaya.

"Si Bibie, mama. Ni mzazi wake. Habari za asubuhi? Habari za kazi? Habari za nyumbani?"

"Nzuri... Kuna tatizo? Yuko salama?"

"Yuko salama kabisa. Mimi nimeona si vizuri, mtoto yuko mikononi mwako miezi yote hii na sisi wazazi hatujakusalimu. Tusamehe. Sasa nakukabidhi rasmi. Ni mtoto mpole, hana makuu, ukimtuma popote anakwenda. Akikosea mkanye kama mwanao. Baba yake ni mgonjwa wa magoti, mama, hii ajira ndiyo tumaini letu. Mshike mkono."

Upande wa pili mtu akakohoa.

"Nimekusikia, mama. Asante kwa kupiga. Nakutakia siku njema."

Msusi alirudisha simu mahali pake na moyo mweupe. Saa hiyo hiyo Mwalimu aliingia kufumuliwa nywele ili asukwe Ijumaa, na msusi hakuweza kujizuia. Alimsimulia yote huku akimfumua nywele za zamani, akiigiza hadi ile sauti ya haraka. Alitazamia kicheko. Mwalimu hakucheka. Alimtazama kwenye kioo.

"Umempigia bosi wake?"

"Kwani vibaya?"

"Shoga yangu, mimi mzazi wa darasa la kwanza akinipigia, napokea na ninafurahi. Lakini mzazi wa mwalimu mwenzangu akinipigia kumwombea mwanawe..." Mwalimu akaacha hapo. Kwa mwanamke yule, kuacha sentensi njiani lilikuwa jambo zito, na msusi alilielewa. Akaacha kumfumua.

Mchana Bibie alitoka sebuleni akiwa ameshika simu. Hakuinua sauti.

"Mama, ulimpigia msimamizi?"

"Nilitaka kukusaidia."

"Ameniandikia. Anasema anakuheshimu sana. Anasema lakini mtu wa kazi anajisemea mwenyewe."

"Mwanangu, mimi..."

"Sawa, mama."

Akarudi kwenye kiti chake. Msusi alisimama pale na chanuo mkononi. Kwa mara ya kwanza maishani alitamani mtoto wake amfokee, avunje hata kikombe. Lile "sawa, mama" lilimchoma kuliko tusi.

Ijumaa ilipofika Bibie alianua soksi za baba yake na sare, akafuta kioo cha dirisha, akavaa blauzi na sketi kamili. Vipokea sauti vyake vya masikioni vilikuwa vimekufa upande mmoja na upande mwingine ukikwaruza, kwa hiyo akavichomoa. Kikao chote kikasikika mpaka koridoni. Mwalimu alikuwa amekwisha kusukwa nusu ya kichwa, nusu nyingine imesimama wima. Msusi aliacha kazi. Wakakaa wote wawili wakisikiliza, kama watu walio nje ya chumba cha daktari.

"Bibie, naona umewasha kamera," alisema msimamizi. "Karibu. Tumefurahi kukuona."

"Asante. Shikamoo."

Mtu fulani kule akacheka kidogo, bila ubaya. Msusi alifumba macho.

Akaanza Miwani. Kijana alijua kusema, hilo tumpe haki yake. Alisema juu ya kujifunza, juu ya ushirikiano, akashukuru kila mtu kwa jina, kisha akafika kwenye pampu. Alieleza habari ya machujio na tope, na ujumbe wa sauti kwa mkulima, akasema kampuni itaokoa safari nyingi za mafundi. "Tulipogundua jambo hili..." alisema.

"Samahani," ilisema sauti ya Bibie. "Naomba niingie hapo."

Msusi alishika ukingo wa kiti. Mtoto amemkatiza mtu. Mbele ya mkubwa!

"Kazi hiyo ya machujio niliifanya mimi," Bibie alisema. Sauti ilikuwa ikitetemeka lakini haikurudi nyuma. "Mwenzangu aliniomba nimsaidie, nikampa. Sikatai alivyoieleza, ameieleza vizuri. Lakini simu zile nilizisikiliza mimi, zote, na kuna jambo hakulisema kwa sababu hakuzisikiliza. Wakulima wengi hawakasiriki kwa sababu ya pampu. Wanakasirika kwa sababu wakipiga simu, wanaongea na mashine. Kuna mama mmoja alisema, nimeongea na ninyi mara nyingi lakini hamjawahi kunijibu, hivi mpo kweli? Nilimsikiliza mara nyingi huyo mama. Ninaomba mtu ampigie."

Miwani akasema kwa sauti ndogo, "Ni kweli. Kazi ilikuwa yake. Nilipaswa kusema."

"Bibie," msimamizi alisema, na haraka yote ilikuwa imemtoka. "Miezi yote hii, kwa nini hukuwahi kusema hivi?"

"Nilifundishwa nisubiri kuulizwa."

Mwalimu akamshika msusi mkono. Msusi hakuusikia.

"Ungeniambia mapema," msimamizi aliendelea. "Mimi nina watu wengi, na wote nawaona kwa dirisha hili dogo. Asiyesema simwoni. Sitaki kukudanganya, Bibie. Jina la mwenzako lilishapelekwa juu wiki iliyopita, kabla hata mama yako hajanipigia. Nafasi ni moja. Nitakuandikia barua nzuri ya kukupendekeza kwingine, na huyo mama wa pampu nitampigia mimi mwenyewe leo. Lakini nafasi imekwenda."

"Nimeelewa. Asanteni kwa kunisikiliza."

Kabla hata mama yako hajanipigia. Kwa pumzi moja msusi alihisi ametuliwa mzigo: si simu ile, basi, si simu iliyoharibu. Pumzi ya pili ikamletea mzigo mwingine, mzito zaidi. Simu ingekuwa kosa la asubuhi moja. Hili lilikuwa la malezi yote. Waliosema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo hawakukosea, na yeye alimlea hivi kwa mikono yake, akasifiwa na majirani, akazipokea sifa. Kwa fundi wake yeye, mwanagenzi akinyamaza, vidole vilionekana. Vidole vya Bibie vingeonekana wapi?

Kompyuta ikafungwa. Bibie akaja koridoni na kusimama mbele yao. Macho yalikuwa makavu.

"Usijali, mwanangu," msusi alianza haraka. "Mungu hamtupi mja wake. Bado mdogo, wewe vumilia tu, mvumilivu hula..."

"Mama, naomba usiseme."

Mwalimu akavuta pumzi. Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kumwambia msusi asiseme, isipokuwa mume wake, naye alipokuwa mgonjwa wa homa.

"Ulinifundisha kwa mapenzi," Bibie alisema, na sauti ilikuwa inapanda. "Najua. Lakini ulinifundisha vibaya. Kila nilipotaka kuuliza nilikusikia wewe. Nilikuwa na maswali kila siku, mama, kila siku! Nilikuwa nayaandika halafu nayafuta. Ulihamisha kiti chako, ukapoteza wateja wako, ukakaa hapa gizani kwa ajili yangu, na mimi nikawa nimekaa pale kwenye mwanga nimenyamaza. Bure. Na ukanipigia simu kuniombea kazi kama mtoto mdogo, na hukuniuliza. Hujawahi kuniuliza kitu. Unaniambia tu, na mimi nasema sawa."

Mlango wa chumba ukafunguka. Mlinzi akatoka amejifunga shuka, usingizi umemjaa machoni, akamtazama mkewe, akamtazama Mwalimu na nywele zake za upande mmoja.

"Nani huyo anaongea hapa?"

"Ni mimi, baba."

Mlinzi alimtazama binti yake kwa muda. Alikuwa hajawahi kuisikia sauti ile mpaka ikamwamsha. Akaegemea fremu ya mlango kupunguza uzito kwenye magoti, hakurudi ndani.

Msusi alikuwa na neno mdomoni. Lilikuwa neno la zamani, mama yake alilitumia na bibi yake alilitumia: adabu yako iko wapi? Lilikuwa limeshafika kwenye ulimi, na watu walikuwa wakimtazama, na mteja yupo, na heshima ya mzazi ilikuwa ikimdai aseme. Machozi yalimjia yeye badala ya mtoto. Akalimeza lile neno, likashuka kwa shida.

"Umemaliza?" aliuliza.

Bibie alitikisa kichwa. "Sijamaliza."

Msusi akaondoa mafungu ya rasta juu ya kigoda, akakisogeza karibu na kiti chake.

"Basi kaa," alisema. "Sema yote."